Wengu wa Rafiki Yangu

Tulipofika kwenye masomo ya tumbo, mwalimu wetu alibandika ubaoni picha ya mtu aliyefunguliwa kutoka kifuani hadi nyonga. Viungo vilikuwa vimepakwa rangi ili tusivichanganye: ini la kahawia, nyongo ya kijani, utumbo wa waridi uliojikunja kama kamba ndani ya ndoo. Mwalimu alikuwa mama wa makamo kutoka Mkoa wa Kati, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa ameuguza watu Kisumu kwa muda mrefu hata akawa anatania wagonjwa kwa Dholuo.

"Huyu wa kwenye picha hajawahi kuumwa malaria," alisema. "Mkimfuata yeye mtapotea. Nani hapa amezaliwa upande wa Ahero?"

Msichana niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja hostelini akainua mkono.

"Njoo ulale hapa."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika chuo cha wauguzi, na mimi na msichana yule tulikuwa bado hatujazoeana. Yeye alitoka kwenye tambarare ya Kano, upande huo wa Ahero, kwao wakilima mpunga katika mashamba ya kumwagilia. Mimi nilizaliwa Kaloleni, mle mle mjini Kisumu, katika nyumba ya Kiislamu ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya chakula na ya ugomvi pia. Baba alikuja kutoka Pwani akiwa kijana na cherehani yake. Mama alikuwa Mluo aliyesilimu alipoolewa. Msichana yule alinicheka siku ya kwanza tu. "Hii Kiswahili yako ni ya redio," aliniambia. "Utakuwa unanisomea taarifa ya habari asubuhi."

Alilala kwenye kitanda cha mazoezi, akapandisha blauzi. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, alikuwa na chale ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari. Mwalimu hakuuliza. Alizijua. Watoto wengi wa kule walichanjwa kwa wembe mahali pale na bibi zao, dawa ikapakwa, ili uvimbe wa homa urudi ndani.

"Wengu wa mtu mzima ni kama ngumi yake," mwalimu alisema. "Unajificha nyuma ya mbavu, juu, chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Ukiwa mzima huwezi kuugusa. Sasa kila mmoja aje aweke vidole hapa. Wewe, vuta pumzi."

Zamu yangu ilipofika niliweka vidole, naye akavuta pumzi, na kitu kigumu chenye ukingo laini kikashuka kutoka mbavuni kikanigonga vidoleni, kama mtu anayebisha hodi. Nilishtuka nikaondoa mkono. Yeye akacheka mpaka tumbo lote likatikisika na mwalimu akamkaripia.

"Usiogope," alinong'ona. "Ni mpangaji wangu. Tumekaa naye tangu utotoni."

Baada ya siku ile tukawa marafiki. Katika darasa letu hakuna aliyelipenda tumbo kama yeye. Wengine walipenda moyo, kwa sababu moyo unapiga na unaeleweka, lakini yeye alisema moyo ni pampu tu, tumbo ndilo mji. Aliweza kutaja kila kitu kwa mpangilio wake akiwa amefumba macho: kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula kama mtu aliyejiegemeza ukutani, figo ziko nyuma kabisa, kidole tumbo kinaning'inia pale utumbo mpana unapoanzia, kibofu na mji wa mimba viko chini kwenye bakuli la nyonga. Mimi nilishindwa kuelewa ule utando unaovifunika viungo vyote. Kitabu kilisema viungo vimo ndani ya utando, kisha kikasema havimo ndani yake. Nililia kwa hasira.

Akachukua leso yangu kutoka kitandani, akajifunga mto mgongoni.

"Huyu ni mtoto," alisema. "Leso imemzunguka?"

"Imemzunguka."

"Lakini ukiifungua leso, utamkuta ameshonewa katikati ya kitambaa?"

"Hapana. Amefungwa tu."

"Basi. Utumbo ni mtoto. Utando ni leso. Mishipa inapita pale leso inapokutana mgongoni. Sasa futa machozi, twende tukale."

Sikuwahi kusahau tena. Alikuwa na nia ya kuendelea mbele baada ya uuguzi, asome udaktari, afungue matumbo ya watu yeye mwenyewe. Hakulisema hilo kama ndoto. Alilisema kama mtu anayesema kesho atafua nguo.

Na kulikuwa na mwalimu mwingine katika maisha yake. Huyu alikuwa kijana wa kutoka Seme, anayefundisha biolojia katika shule ya sekondari karibu na Kombewa, huko huko Seme. Walijuana kupitia kwaya za makanisa. Alikuwa mpole, shati lake limepigwa pasi daima, na alipokuja kumtembelea hostelini alileta machungwa katika mfuko wa karatasi na kukaa nasi kwenye benchi la nje kwa sababu wanaume hawakuruhusiwa ndani. Walizungumza juu ya vitu ambavyo wachumba wengine hawazungumzi. Yeye alimweleza jinsi anavyowapasulia wanafunzi wake sungura, na rafiki yangu alimuuliza kama anawaonyesha wengu.

"Nawaonyesha," alijibu. "Kwa sungura ni kama ulimi mdogo, mwekundu wa giza."

"Wangu ni kama ulimi wa ng'ombe," rafiki yangu alisema, na wote watatu tukacheka. Wazee walikuwa tayari wamekwisha kutembeleana. Mama yake yule mwalimu alikuwa amemwona binti akampenda, akampa kuku wa kurudi naye nyumbani.

Ajali ilitokea Jumamosi tukitoka soko la Kibuye. Tulikuwa tumenunua nyanya na sabuni, tukipanda barabara ya kuelekea Kondele, wakati mtu wa mikate aliposhindwa kuizuia baiskeli yake kwenye mteremko. Makreti ya mikate nyuma yake yalikuwa juu kuliko kichwa. Mimi nilimvuta rafiki yangu kwa mkono, akageuka, na usukani wa baiskeli ukamchoma chini ya mbavu za kushoto. Hakuanguka hata. Mwenye baiskeli ndiye aliyeanguka, mikate ikasambaa, na rafiki yangu akainama kumsaidia kuiokota.

"Umeumia?" nilimuuliza.

"Nimegongwa tu. Pole, bwana, mikate yako imeingia vumbi."

Tulitembea mpaka hosteli. Akalala kitandani apumzike, na mara tu alipolala akaketi tena, akashika bega.

"Bega langu linauma," alisema. "La kushoto."

"Amekugonga begani?"

"Hapana." Alilala tena polepole, akaketi tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini macho yalikuwa ya mtu anayefikiri. "Nikilala linauma, nikikaa linapungua. Unajua hiyo ni nini? Damu. Iko chini ya kiwambo, na kiwambo kinashtaki begani. Mshipa wa fahamu ni ule mmoja." Alijishika ubavu. "Wengu umepasuka. Niinue, twende hospitali, na usiniache nitembee haraka."

Alitembea akiniegemea mpaka mapokezi ya hospitali, na alipofika akamweleza mganga kijana wa zamu kila kitu kwa ufupi, kama anayetoa ripoti ya mgonjwa mwingine. Kijana yule alimgusa tumbo, akalikuta gumu kama ubao, akakimbia kumwita daktari wa upasuaji. Mimi nililazwa kwenye kitanda cha pembeni nikatolewa damu, kwa sababu makundi yetu ya damu tuliyajua kutokana na masomo na yangu ilimfaa.

Daktari alikuwa Mhindi wa pale pale Kisumu, mzee mwenye mikono midogo. Alipotoka thieta jioni alinikuta nimekaa sakafuni. Akaniita nione. Ndani ya beseni kulikuwa na kitu cha rangi ya zambarau iliyoiva sana, kikubwa kama papai, kimepasuka ubavuni. Kitu kile kilikuwa kimewahi kunigonga vidole kikiwa hai. Nilitaka kukifunika.

"Ataishi," daktari alisema. "Lakini sasa hana askari huyu. Kila homa kwake si homa kama yako. Dawa ya malaria ameze maisha yake yote, umesikia? Wewe ni rafiki yake, mkumbushe."

Nilimkumbusha kwa miaka, na hakuhitaji kukumbushwa.

Kovu lake lilianza chini ya kifua, likapita pembeni ya kitovu, likaenda chini zaidi. Daktari alikuwa na haraka ya kumwokoa na hakuwa na nafasi ya kukata kidogo. Yule mwalimu alikuja wadini na machungwa, akashika mkono wake, akakaa mpaka saa ya wageni ikaisha. Alirudi tena na tena. Lakini siku moja alikuja na shangazi yake, na shangazi alikuta sista akibadilisha bandeji. Aliiona mishono yote. Alipouliza ni nini kilichotolewa, mgonjwa wa kitanda cha jirani akamjibu kabla yetu: kitu kikubwa kama papai.

Shangazi alirudi Kombewa na habari hiyo, na habari ilikua njiani. Rafiki yangu alikuwa hajapata nguvu za kupanda ngazi wakati tuliposikia kwamba kule Seme wanasema ameondolewa kizazi. Wazee waliokuwa waje kuzungumzia ng'ombe wa mahari hawakuja. Mwalimu naye akapunguza kuja. Alisema ni kipindi cha mitihani.

"Nitaenda mwenyewe," rafiki yangu aliniambia. "Nitaongea na mama yake. Si mtu mbaya. Haelewi tu, na mimi kazi yangu ni kuelewesha."

Nilimsindikiza. Tulifika Kombewa mchana, tukatembea mpaka boma lao. Mama alitupokea vizuri mno. Alitutandikia vitambaa kwenye viti, akatuletea maji ya kunawa, akatupikia samaki wa mbuta kwa mchuzi wa nyanya na ugali wa mtama, na hakuturuhusu kusema lolote kabla ya kula. Mwanawe alikuwepo, ilikuwa likizo. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Baada ya kula rafiki yangu akaanza kuzungumza, kwa Dholuo, lugha niliyoinyonya kwa mama yangu. Alisema kwa adabu. Alisema amesikia maneno, na hakuja kugombana. Kisha akasimama mbele ya yule mama, akafungua vifungo vya chini vya blauzi yake, akamwonyesha kovu kwa uso mkavu kama tulivyofundishwa kuonyesha.

"Mama, kilichotolewa kilikuwa hapa," alisema, akiweka mkono juu kushoto, chini ya mbavu. "Kiko nyuma ya mbavu. Kazi yake ni kusafisha damu. Mtoto anakaa huku." Akashusha mkono wake wa pili chini kabisa, chini ya kitovu. "Kati ya hapa na hapa kuna utumbo wote. Daktari hakufika huku. Kila mwezi ninaona siku zangu kama kawaida. Rafiki yangu huyu ni shahidi."

Mimi nikasema ni kweli, na kwamba niliuona ule wengu kwa macho yangu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama kovu kwa huruma, hata akanyoosha kidole akaligusa. "Pole, nyara," alisema, yaani binti yangu. "Walikuumiza sana. Nimesikia. Lakini walifungua tumbo, na mtoto hukaa tumboni. Tumbo likishafunguliwa, nani anajua ni nini kilichobaki?"

Rafiki yangu akamgeukia mchumba wake. Sauti yake haikupanda.

"Mwalimu, waambie. Wewe ndiye unayefundisha."

Ninakumbuka kuku walikuwa wakidonoa punje mlangoni, karibu na viatu vyake. Aliwatazama wale kuku. Alikuwa mtu mwenye picha ya viungo vyote vya mwili ukutani mwa darasa lake. Alikuwa amepasua sungura wasiohesabika, akawaonyesha watoto wa watu hiki ni wengu, hiki ni mji wa mimba, havijuani. Alikuwa na maneno yote. Tulingoja.

"Mama amesikia," alisema mwishowe.

Rafiki yangu akafunga vifungo vyake, kimoja baada ya kingine, akamshukuru mama kwa chakula. "Erokamano," alisema, na mama akasimama kutusindikiza hadi kwenye ua wa boma. Mwanawe hakutoka.

Njiani hakulia. Tulipofika chini ya mti barabarani, akakaa kwenye jiwe akashika ubavu wake kwa sababu kovu lilikuwa bado linavuta.

"Mama yake simlaumu," alisema. "Fikiria. Kwa Kiluo ni *ich*. Mtu akiumwa, ni *ich*. Akishiba, *ich*. Akiwa na mimba, ana *ich*. Na Kiswahili chenu hicho cha redio, ni nini?"

"Tumbo," nilisema.

"Tumbo, tumbo, tumbo. Chakula tumboni, mtoto tumboni, mwanamke akipata mimba wanasema ana tumbo. Nyumba yenye vyumba vyote hivi, tumeipa jina la chumba kimoja. Angejuaje?" Aling'oa jani la nyasi akalichana. "Lakini yeye anajua. Yeye alijua hata kabla yangu."

Nilimpa mkono, akainuka, tukaenda kungoja gari.

Mwalimu yule alioa mwaka uliofuata, msichana wa karibu na kwao. Rafiki yangu alirudi darasani akiwa nyuma yetu, akamaliza uuguzi, lakini lile jambo la udaktari halikusikika tena. Nilimuuliza wakati mmoja. Aliniambia amechoka kusoma. Hilo ndilo jambo ninalolisikitikia zaidi, kuliko hata uchumba. Mwanamume anaweza kupatikana mwingine. Lakini ile raha yake ya kufumba macho na kutembea ndani ya tumbo kama mtu anayetembea mtaani kwao, ile raha ilipungua, na nilikuwa nikiiona inavyopungua. Mwalimu wetu alipomwita kuwafundisha wanafunzi wapya chale zake na kovu lake, alienda mara ya kwanza. Mara ya pili alisema ana kazi.

Alipangiwa kazi karibu na Ahero, katika kituo cha afya, si mbali na kwao. Mimi nilibaki Kisumu, wadi ya upasuaji, nikaolewa Kaloleni. Tulionana mwisho wa mwezi. Baada ya muda akanijulisha kwa mwanamume mkimya, mkulima wa mpunga, aliyefiwa na mke bila kuachiwa mtoto. Huyo hakuuliza chochote kuhusu kovu. Siku aliyokuja kunisalimia alikuwa na tope kwenye kucha, akaona haya kunipa mkono, akaninyooshea kifundo cha mkono nikishike.

Walioana, na rafiki yangu alipopata mimba ya kwanza alikuja mwenyewe mpaka wadini kwangu, amevaa gauni pana, akasimama mlangoni akageuka ubavu ili nione.

"Ona," alisema. "Nina *ich*."

Nilicheka nikalia. Nikamuuliza kama atawatumia salamu watu wa Kombewa.

"Kwa nini? Habari itajiendea yenyewe," alisema. Na hatukuizungumzia tena.

Alizaa msichana, kisha wavulana wawili. Katika miaka hiyo alipata tena kitu kidogo cha ile raha. Alimwomba baba yangu amshonee aproni ya kitambaa cheupe, na juu yake mifuko ya rangi mbalimbali: ini, tumbo la chakula, wengu, utumbo uliojazwa pamba, na chini kabisa mfuko mwekundu wa mji wa mimba wenye kifungo. Baba hakuwa amewahi kushona kitu kama hicho. Alimuuliza maswali mengi, akiwa na chaki nyuma ya sikio. "Na bandama liende wapi?" aliuliza, kwa kuwa kwao Pwani wengu huitwa bandama. Rafiki yangu akamwonyesha kwenye mwili wake baba, kwa kalamu, mbavu za kushoto, na baba akaruka kwa kutekenywa. Kwenye kliniki ya akina mama alikuwa akiivaa aproni ile, akifungua mfuko mmoja mmoja. Nilimkuta siku moja akimwambia mwanamke mzee aliyekuja na mkaza mwanawe, "Mama, tumbo sio chumba moja. Hapa ni jikoni. Hapa ni choo. Hapa ndio mtoto analala. Ukisikia mtu amepasuliwa, uliza kwanza ni chumba gani." Akina mama walicheka, na yeye alicheka pamoja nao.

Vidonge vyake alimeza bila kukosa. Lakini katika miaka ya tisini sote tulioshika kazi hospitalini tuliona mambo yakibadilika. Klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa ikimwinua mtu kitandani, ilianza kushindwa. Watoto walimeza, homa ikarudi. Tulilizungumza jambo hilo, mimi na yeye, tukiwa tumekaa kwake tukichambua mchele, naye alisema, "Mimi ndiye wa kwanza kuogopa," kisha akabadilisha maneno.

Mwaka mmoja mvua ya masika ilijaza mto, na maji yakaingia mashambani na nyumbani kule Kano. Kituo cha afya kilijaa wagonjwa, naye akafanya kazi bila kupumzika. Asubuhi moja aliamka na baridi mwilini. Alimwambia mumewe amwite mwenzake wa kazini, na akataja dawa anazotaka achomwe. Walimchoma. Barabara ilikuwa na maji na gari la kumleta Kisumu lilikawia. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha. Homa ambayo kwangu mimi ingekuwa siku chache za kulala na kutapika, kwake ilikwenda mbio bila kizuizi. Kila aliyekuwa karibu naye alifanya lililowezekana, na yeye mwenyewe alijua tangu asubuhi. Mumewe aliniambia kwamba alipomshika mkono, alisema, "Imefika hata figo." Kisha akauliza watoto wamekula nini.

Siku ya mazishi maji yalikuwa yamepungua, lakini ardhi ilikuwa bado tope. Nilikaa na wanawake, nikiwa nimemshika binti yake. Katikati ya watu akaja bibi mmoja anayetembelea fimbo, amevaa viatu vya plastiki, na nikachukua muda kumtambua. Alikuwa yule mama wa Kombewa. Alikuja, akanisalimia kwa jina la baba yangu, akakaa kwenye mkeka karibu nami. Alimtazama binti kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Huyu ni wa kwanza?" aliuliza.

"Ndiye wa kwanza. Wako watatu."

Aliondoa mkono. Binti akaenda kwa ndugu zake, naye akaanza kuzungumza huku akiangalia mbele.

"Si kwamba nimekosa wajukuu. Ninao. Mungu amenipa wengi na wote wanasoma. Lakini msichana yule alikuja kwangu na miguu yake, akanivulia nguo mimi, ili aniambie ukweli. Na mimi nikamlisha samaki, nikamrudisha." Alipangusa pua kwa ncha ya leso. "Niliposikia amezaa nilitaka kuja. Nikasema nitakuja mvua ikipungua. Nikasema nitakuja tukishavuna. Angalia sasa nimekuja siku gani."

Nilimwambia kwamba rafiki yangu hakumlaumu, na ilikuwa kweli.

"Angenilaumu ingekuwa afadhali," alisema.

Mwanawe ndiye aliyemleta. Nilimkuta baadaye amesimama nyuma ya turubai, mbali na wanaume wengine, suruali yake imekunjwa kwa sababu ya tope. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Tulisalimiana. Nilimuuliza kuhusu kazi, akasema bado anafundisha, shule ile ile. Tulisimama tukiwatazama vijana wakifukia kaburi, na nilidhani hatasema zaidi.

"Mama," aliniita hivyo, kwa heshima, ingawa tulikuwa wa umri mmoja. "Wewe ulikuwa naye miaka yote hii. Aliwahi kunitaja?"

Nilikuwa na hasira yangu dhidi yake, niliyoibeba tangu siku ile ya kuku mlangoni. Nilipomtazama usoni niliikosa. Nilitamani ningekuwa na kitu cha kumpa, hata tusi, kitu alichosema rafiki yangu akiwa amekasirika au akiwa amemkumbuka. Nilifikiri kwa makini, nisije nikamdanganya wala kumwonea.

"Hapana," nilimwambia. "Tangu siku ile, hakukutaja."

Alitikisa kichwa kukubali, akanishukuru, akaenda kumsaidia mama yake kuinuka kwenye mkeka.